Muhuri wa Jumatatu

Ofisi ya Ardhi hufungwa saa tisa alasiri, lakini siku ya Ijumaa saa tisa huwa na haraka, hufika mapema. Inspekta alilijua hilo. Alifika mara tu baada ya mapumziko ya mchana, akapanga foleni kama raia mwingine yeyote, kavaa gauni la kawaida na begi kwapani. Angeweza kutoa kitambulisho akapitishwa mlango wa nyuma na kuletewa kiti. Hakutaka. Ofisi ikijua imeingiliwa na polisi huanza kufanya kazi, na yeye hakuja kuiona ikifanya kazi. Alikuja kuiona ilivyo.

Shauri lenyewe lilionekana jepesi, na hilo ndilo lililokuwa likimkera. Mjane mmoja, fundi wa nguo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sindano, alikuwa akiishi na watoto wake katika nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. Hati ya kiwanja ilikuwa kwa jina la shemeji yake, kaka wa marehemu, kwa kuwa ndugu wale walipokuwa wakinunua ardhi waliaminiana kupita kiasi. Mume alipofariki, shemeji akaanza kuleta wanunuzi. Mama Sindano akashauriwa aende Ofisi ya Ardhi akaweke zuio, yaani karatasi inayosema kiwanja hiki kisiuzwe mpaka na mimi nisikilizwe. Akaenda. Kiwanja kikauzwa hata hivyo. Alipoitoa nakala yake ya zuio, yenye muhuri wa IMEPOKELEWA, ofisi ikajibu kwamba karatasi kama hiyo haimo kwenye daftari la mapokezi wala kwenye faili. Shemeji hakungoja. Alikimbilia polisi kulalamika kwamba mke wa marehemu ndugu yake ameghushi muhuri wa serikali.

Aliyepokea malalamiko hayo ni Inspekta mwenyewe. Muhuri ulikuwa na tarehe ya Jumatatu. Mama Sindano aliapa kwamba alikwenda Ijumaa. Na Jumatatu hiyo, kwa ushahidi wa mwalimu mkuu, alishinda shuleni akiwapima watoto sare. Kwa hiyo muhuri ulibeba tarehe ya siku ambayo mama huyo hakukanyaga Ofisi ya Ardhi kabisa, na Inspekta akaandika kwenye faili, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyeridhika, kwamba mtuhumiwa anajikanganya. Akasaini. Mama Sindano akafunguliwa mashtaka, akaachiwa kwa dhamana, akapangiwa tarehe.

Halafu Alhamisi, siku moja kabla ya foleni hii, akaja kituoni bila kuitwa.

“Afande, nimekuja kuuliza tu. Mtu akitaka kukubali kosa mbele ya hakimu, anasemaje?”

“Umelifanya?”

“Labda nilikosea siku. Labda kweli ilikuwa Jumatatu.” Alikuwa akizungusha pete ya kushonea kidoleni. “Rafiki yangu mmoja anayezijua ofisi ameniambia nikikubali, hakimu atanionea huruma. Nitatozwa faini, nirudi kwa watoto.”

Kesi ilikuwa Jumatatu inayokuja. Akikubali, nyumba imekwenda, na jina lake nalo limekwenda. Inspekta alimwambia arudi nyumbani afikirie, kisha yeye mwenyewe ndiye aliyefikiria. Mtu aliyeghushi muhuri anaweza kusahau mambo mengi, lakini hasahau tarehe aliyoichagua kwa mkono wake. Huenda kalamu ya Inspekta mwenyewe iliandika haraka mno. Jambo hilo lilimkaa kooni tangu jana, na halikushuka hata kwa chai.

Foleni ilisogea. Kwenye kaunta alikuwapo karani mmoja tu, mwanamke mwenye sauti laini na mikono ya haraka, ambaye kila aliyefika mbele yake alimwita Dada Kaunta kana kwamba ni mtu wa nyumbani kwao. Mzee mmoja mwenye magongo alikuwa anahangaika na bahasha yake.

“Baba, kwani lazima usimame?” alimwambia. “Niachie hapa. Nitakuandikia mwenyewe, wewe rudi ukapumzike.”

“Mungu akubariki, mwanangu.”

Dada Kaunta aliichukua bahasha akaitia chini ya kaunta, akainua macho. Zamu ya Inspekta.

“Naomba upekuzi wa kiwanja hiki,” Inspekta alisema, akasukuma fomu.

Karani aliisoma namba. Mikono ya haraka ikapoa.

“Hiki kina kesi,” alisema.

“Umejuaje? Faili hujalifungua.”

“Kila mtu hapa anajua.” Aligonga fomu, akaandika kwenye daftari kubwa mbele yake, akatupa kijikaratasi kwenye kikapu kilichokuwa nyuma. “Kaa pale kwenye benchi. Faili litatoka masijala. Kobe analileta.”

“Kobe ni nani?”

“Utamjua akichelewa.”

Inspekta alikaa. Alitazama jinsi kila karatasi iliyopita kwenye kaunta ilivyopewa namba kwenye daftari la mapokezi, moja baada ya nyingine. Huo ndio uti wa mgongo wa ofisi hii. Anayeandikwa kwanza ndiye mwenye haki ya kwanza. Ukileta zuio likaandikwa kabla ya mauzo, mauzo hayapiti. Likiandikwa baada ya mauzo, umeleta karatasi ya kufungia maandazi. Kobe hakutokea. Benchi lilikuwa gumu, na subira haikuwa tunu ya Inspekta. Alisimama, akamwonyesha bawabu kitambulisho, akapita kikiwa bado mkononi.

Masijala ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya vumbi na gundi, makabati ya chuma yamebanana hadi darini. Nyuma ya kabati la mwisho, juu ya magunia ya mafaili yaliyokwisha kazi, mwanamume mnene alikuwa amelala chali na viatu vyake amevipanga vizuri pembeni.

“Shikamoo,” Inspekta alisema.

Kobe aliamka kwa kasi iliyolikanusha jina lake. “Mimi sijachukua kitu!”

“Sijakuuliza kama umechukua kitu.”

“Najua. Nakuambia mapema.” Alivaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto, akavibadilisha. “Wewe ni polisi. Umekuja kwa ajili ya yule fundi.”

“Nimekuja kwa ajili ya faili lake.”

Faili lilikuwa tayari juu ya meza, chini ya chupa ya chai. Inspekta alilifungua akasimama nalo dirishani. Ramani. Hati ya shemeji. Mkataba wa mauzo. Cheti cha upekuzi kinachosema kiwanja hakina zuio wala deni, chenye saini ya Msajili. Uhamisho kwa mmiliki mpya. Matundu ya kamba yalikuwa safi, hakuna lililopanuka, hakuna kipande cha karatasi kilichong’oka. Hapa hakuna aliyechomoa kitu. Zuio halikuwahi kufika kwenye faili hili.

“Karatasi za mauzo alizipokea nani?”

“Mimi,” Kobe alisema. “Lakini si kazi yangu! Jumatatu ile Dada Kaunta alichelewa, mtoto wake aliugua. Nikashika kaunta. Shemeji mtu alikuwa mlangoni kabla sijaingiza ufunguo. Nikamwandika wa kwanza, maana alikuwa wa kwanza. Kuna ubaya?”

“Alikuwa na haraka ya nini?”

“Alisema amesikia shemeji yake anataka kumwekea zuio. Akaniambia, kijana, niwahishe.”

“Ukamwahisha.”

“Nilimwandika tu, afande. Naapa. Alinipa asante ya mdomo.”

“Na cheti cha upekuzi? Kimesainiwa asubuhi ile ile. Msajili alikuwepo?”

Kobe aliyatazama makabati kana kwamba mojawapo lingemjibia.

“Saini yake ilikuwepo,” alisema.

Inspekta aliyachukua maneno hayo na faili, akapanda ngazi kwenda kwa Msajili.

Msajili wa Hati alikuwa mtu wa tai na marashi, mwenye meza pana isiyo na karatasi. Alimpokea Inspekta kwa bashasha, akamwita dada yangu, akamsifu kwa kazi ngumu wanayoifanya polisi. Bashasha ilidumu mpaka Inspekta alipoizunguka meza na kuvuta droo ya juu bila kuomba ruhusa.

Ndani yake kulikuwa na rundo la vyeti vya upekuzi. Vyote vitupu. Vyote vimesainiwa.

“Hivi ni nini?”

Msajili alilegeza tai. “Nina vikao vingi, dada yangu. Wananchi wanataka huduma. Kwa hiyo nikifika asubuhi, nasaini vichache, vijana wanajaza...”

“Wanajaza wanachotaka.”

“Wanajaza kilichomo kwenye faili!”

“Na Jumatatu ile? Ulikuwa wapi mtu alipojaza kwamba kiwanja cha Mama Sindano ni safi?”

Jasho lilikuwa limeanza kumtoka. Inspekta alihisi ile raha ndogo ya mwindaji anayesikia majani yakivunjika. Huyu hapa. Saini ya bosi kwenye karatasi tupu, shemeji mwenye haraka, karani wa masijala anayelala na anayetii. Wangeweza kupanga kila kitu kwenye kona moja ya ngazi.

Lakini raha hiyo haikufika mbali. Alifungua faili tena, akasoma cheti neno kwa neno. Kilisema kwamba asubuhi ile hapakuwa na zuio kwenye faili. Na kweli halikuwamo. Uvivu wa Msajili ulikuwa wa kiwango cha kuandikiwa ripoti, na Inspekta aliahidi moyoni kuiandika, lakini cheti chenyewe hakikudanganya. Aliyekijaza aliandika alichokiona. Kosa lilitokea kabla, mahali ambapo karatasi ya mama yule ilipaswa kupita na haikupita.

“Kwa kweli unajisumbua,” Msajili alisema, akijifuta paji la uso. Sasa alikuwa mtu mwenye hatia ndogo anayeshukuru kwamba inayotafutwa ni kubwa. “Yule mama hata siku yenyewe haijui. Anasema Ijumaa, muhuri wake unasema Jumatatu. Aliyemchongea alikosea hesabu. Nilishakujibu hivyo kwa barua.”

“Ulinijibu kwamba Jumatatu hayumo kwenye daftari.”

“Ndivyo ulivyouliza.”

Ndivyo alivyouliza. Muhuri ulisema Jumatatu, Inspekta akauliza habari za Jumatatu, wala hakumuuliza mtu yeyote habari za Ijumaa.

“Nimeomba upekuzi pale chini,” alisema. “Nijazie cheti changu. Mwenyewe. Kwa mkono wako.”

Msajili aliandika kama mtoto aliyekaa mbele ya mwalimu, akasaini, akampa. “Kagongewe muhuri kaunta kabla hawajafunga.”

Walikuwa wameshafunga. Inspekta alipofika chini, ukumbi ulikuwa mtupu, mlango mkubwa umetiwa komeo. Daftari la mapokezi lilikuwa limefungwa na mstari mwekundu kupigwa chini ya namba ya mwisho. Dada Kaunta alikuwa upande wa pili akifunga madirisha, moja baada ya jingine. Kobe alikuwa kaunta, amevaa koti, anatafuta kofia yake.

“Nigongee hiki,” Inspekta alimwambia.

Kobe alichukua muhuri bila kuutazama, akauchovya kwenye wino, akagonga. Inspekta alikipuliza cheti kikauke, akasoma.

Alisoma mara ya pili.

“Kobe. Leo ni siku gani?”

“Ijumaa, afande. Siku tamu.”

“Mbona umenigongea Jumatatu?”

“Ah!” Kobe alicheka. “Muhuri umeshazungushwa. Ni amri ya Msajili. Zamani, Jumatatu asubuhi watu wanabanana mlangoni, tunagonga rundo zima na tarehe ya Ijumaa, linakuwa balaa. Akasema basi, Ijumaa mkishafunga daftari, zungusheni tarehe kabla hamjaondoka. Ndivyo tunavyofanya. Subiri nikurekebishie.”

“Usiguse.”

Nyuma yao dirisha lililokuwa likifungwa lilikoma katikati. Inspekta hakugeuka.

“Nani anazungusha?”

“Dada Kaunta. Daftari ni lake, muhuri wake, na anayefunga jioni ni yeye.”

“Na baada ya hapo, mtu akija na karatasi?”

“Hapokelewi! Daftari limefungwa, afande. Kupokea karatasi nje ya daftari ni kufukuzwa kazi, hapana maswali. Hata mama yako mzazi angekuja...” Kobe hakuwa mjinga, alikuwa mvivu tu. Alimtazama Inspekta, kisha akamtazama mwenzake aliyesimama dirishani, na uso wake ukaanguka.

“Nenda nyumbani, Kobe,” Inspekta alisema. “Kofia yako iko kichwani.”

Mlango wa nyuma ulipofungwa, Inspekta alizunguka kaunta akaketi kwenye kiti cha karani. Alikiweka cheti juu ya mbao, muhuri ukiwa juu, na pembeni yake akaiweka nakala ya zuio la Mama Sindano. Wino ule ule. Herufi ya mwisho ya neno IMEPOKELEWA ilikuwa na pengo lile lile dogo.

“Njoo ukae.”

Dada Kaunta alikuja. Hakukaa.

“Mama Sindano anasema alikuja Ijumaa,” Inspekta alisema. “Muhuri wake unasema Jumatatu. Nilidhani mmoja wao anadanganya. Hakuna anayedanganya. Alikuja Ijumaa, tarehe ikiwa imeshazungushwa. Maana yake daftari lilikuwa limefungwa na mlango umefungwa, na mtu akamfungulia. Anayebaki na ufunguo jioni ni mmoja.”

Karani aliitazama ile herufi yenye pengo.

“Leo nimekuona ukichukua bahasha ya mzee wa magongo. Umeitia chini ya kaunta. Umeiandika?”

“Nimeiandika,” alisema kwa sauti ndogo. “Siku hizi naziandika kabla sijafunga daftari.”

“Siku hizi.”

Maneno hayo mawili yalimvunja. Aliuendea mkoba wake, akaufungua mfuko wa ndani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mikunjo ilikuwa imechakaa mpaka ikataka kuachana. Aliiweka juu ya kaunta. Lilikuwa zuio halisi la Mama Sindano.

“Natembea nayo kila siku,” alisema. “Nikisema niichane, mkono hautaki. Nikisema niitoe, mkono hautaki.”

“Anza mwanzo.”

“Ananishonea nguo tangu sijaolewa. Gauni langu la harusi ni lake. Mtoto wangu wa kwanza, yeye ndiye aliyemvisha.” Alipitisha kiganja usoni. “Ijumaa ile alikuja ameshafungiwa. Nikamwona kupitia kioo, analia. Ningemwachaje nje? Nikamfungulia, nikachukua fomu, nikamgongea nakala yake. Sikuangalia tarehe. Nikamwambia, dada, nenda kapike, Jumatatu asubuhi nitaliandika la kwanza kabisa. Hivyo ndivyo ninavyowafanyia watu, afande. Kila mtu ananipenda kwa ajili hiyo.”

“Jumatatu mtoto akaugua.”

“Akaugua. Nilipofika, shemeji mtu ameshaandikwa. Namba ya kwanza.” Sauti yake ilikuwa imekauka. “Nikisema nina karatasi ya Ijumaa mkobani, nafukuzwa. Mume wangu hana kazi. Nikajipa moyo, huenda mauzo yatakwama penginepo. Hayakukwama. Nikasema kesho nitamwambia Msajili. Kesho ikaja, nikasema kesho. Halafu nikasikia amekamatwa.”

“Ukanyamaza.”

“Nikanyamaza.”

Inspekta alitoa kalamu na karatasi za maelezo, lakini hakuandika bado. Kuna swali moja lilikuwa limemngoja tangu jana, na sasa alijua jibu lake kabla ya kuuliza. Aliuliza hata hivyo, kwa sababu maelezo hayakamiliki kwa kujua peke yake.

“Rafiki anayezijua ofisi. Aliyemwambia akubali kosa. Ni wewe?”

Dada Kaunta aliufunga mkoba wake, akaufungua tena.

“Nilidhani nikimsaidia apate faini tu...”

“Ulimsaidia!” Inspekta aligonga kaunta, muhuri ukaruka. “Ulikwenda nyumbani kwake, ukakaa kwenye kiti chake, ukamwambia mtu asiye na kosa akubali kosa lako?”

“Nilimwambia huenda amekosea siku,” Dada Kaunta alisema. Sasa machozi yalikuwa yanatiririka bila kuzuiwa. “Nikamwambia msiba unachanganya watu. Alinitazama, afande. Akasema, kama wewe ndiye unayesema, basi labda nimechanganyikiwa kweli. Aliniamini.”

Inspekta alikuwa amejiandaa kumkaripia zaidi. Karipio liligoma kutoka. Alijiona mwenyewe mezani kwake kituoni, akiandika kwa mwandiko mzuri kwamba mtuhumiwa anajikanganya. Watu wawili ndio waliomwambia mama yule kwamba siku aliyoijua siyo. Mmoja alijua ukweli, mwingine hakujishughulisha kuutafuta.

“Kaa,” alisema. “Tuandike.”

Waliandika. Karani alieleza, Inspekta akaandika, akamsomea, akamrekebishia, akamsainisha kila ukurasa. Zuio halisi likatiwa bahasha na kufungwa kwa saini zao wote wawili. Muhuri wenyewe nao ukatiwa bahasha, tarehe yake ikiwa vilevile ilivyozungushwa.

“Nyumba itarudi?” Dada Kaunta aliuliza.

“Hakimu ndiye atakayesema. Lakini karatasi iliyopokelewa na karani kaunta Ijumaa imepokelewa Ijumaa. Kutokuiandika ni kosa la ofisi, si la aliyeileta. Mauzo yale yatapata shida kusimama, na shtaka la kughushi mimi mwenyewe nitaliomba liondolewe.”

“Na mimi?”

“Wewe kazi huna tena. Mengine watayaamua wengine.” Inspekta alifunga begi. “Twende.”

“Kituoni?”

“Kwa Mama Sindano.”

Dada Kaunta alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. “Siwezi. Nipeleke kituoni, nifungie, lakini huko usinipeleke. Mwambie wewe.”

“Ningeweza kumwambia mimi,” Inspekta alisema. “Nimeshamwambia mambo ya kutosha ambayo si ya kweli. La kweli atalisikia kwako.”

Walikwenda kwa miguu, bila kuzungumza, wakapita mitaa ambayo maduka yalikuwa yanafungwa na watu wanasalimiana. Wawili watatu walimwita karani kwa furaha, Dada Kaunta, Dada Kaunta, na kila mara alipoitwa alizidi kuinamisha kichwa. Nyumba ilikuwa mwisho wa kichochoro, ndogo, imepakwa chokaa, cherehani ikisikika kutoka barazani. Cherehani ilinyamaza walipofika.

Mama Sindano alisimama na kitambaa cha sare begani. Alitabasamu alipomwona rafiki yake, kisha akamwona aliye nyuma yake, tabasamu likasita.

“Mdogo wangu, kuna nini?”

Dada Kaunta alijaribu kusema kwa mpangilio, kama alivyosema kwenye maelezo. Hakuweza. Yalimtoka yote kwa pamoja, daftari, muhuri, mtoto, mkoba, huku amepiga magoti kwenye sakafu ya baraza na vipande vya nyuzi vikimganda magotini. Mwisho alisema tu, “Ulikuja Ijumaa, dada. Mimi nilijua. Nilijua muda wote.”

Mama Sindano hakupiga kelele. Aliketi taratibu kwenye kiti chake cha kazi. Alikunja kitambaa cha sare, akakikunjua, akakikunja tena.

“Jana nilipotoka kituoni,” alisema, bila kumtazama yeyote kati yao, “niliwakalisha watoto. Nikaona bora wasikie kwangu kuliko shuleni. Nikawaambia mama yenu amefanya kosa. Ameghushi. Jumatatu atakwenda kukiri.” Alikiweka kitambaa pajani. “Mkubwa tangu jana hasemi nami. Anakula amenipa mgongo. Nilimwona leo anakata jina langu kwenye daftari lake la shule, pale wanapoandika jina la mzazi.”

“Dada, nisamehe...”

“Hayo ya kusamehe hayajafika bado. Inuka.” Mama Sindano alisimama, akausukuma mlango wa ndani. Sauti za watoto zilisikika, kisha zikakoma. “Ingia ukawaambie kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze kitu.”

Dada Kaunta aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia. Inspekta alibaki barazani. Huo, kwa utaratibu, ulikuwa mwisho wa kazi yake ya siku, na maelezo yalikuwa begini yakiwa na saini kila ukurasa.

Mama Sindano hakuufunga mlango.

“Na wewe, Afande,” alisema. “Karatasi ya mashtaka niliisoma. Chini kulikuwa na saini yako.”

Inspekta alikuwa na majibu mengi ya kiofisi kwa maneno kama hayo. Aliyatafuta yote, akaona hakuna hata moja ambalo angeweza kulitamka mbele ya mtoto aliyempa mama yake mgongo. Alivua viatu, akaingia.